Barua ya kumwita mfanyakazi kusikilizwa malalamiko yake: kwa nini nyingi husomeka kama mashtaka

Mfanyakazi wa ghala ameandika barua ya malalamiko. Hajalipwa saa za ziada za miezi miwili, na kila akiuliza, msimamizi wa zamu humjibu kwa matusi mbele ya wenzake. Barua ikapokelewa, ikagongwa muhuri, ofisi ikanyamaza. Wiki tatu baadaye anaitwa masjala, anasaini kitabu, anakabidhiwa bahasha. Ndani kuna haya:

"YAH: WITO WA KUFIKA MBELE YA KAMATI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Unatakiwa kufika bila kukosa ofisi ya Meneja Rasilimali Watu siku ya Alhamisi saa 3:00 asubuhi kujibu masuala yanayokuhusu. Kutofika kwako kutachukuliwa kuwa ni utovu wa nidhamu."

Aliyelalamika ni yeye. Isome barua hiyo mara mbili, hutaona mahali panapokuambia hivyo. Mfano nimeutunga, lakini aliyewahi kukaa ofisi ya utumishi ataitambua lugha yake mara moja. Na mfanyakazi anayeipokea hufanya moja kati ya mawili: anakwenda kuomba radhi kwa kosa asilolijua, au haendi kabisa.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba kazini kuna vikao viwili rasmi vinavyofanana kwa sura lakini mwelekeo wake ni tofauti kabisa. Katika shauri la nidhamu, mwajiri ndiye mwenye tuhuma na mfanyakazi anajibu. Katika kikao cha malalamiko, mfanyakazi ndiye mwenye hoja, na anayepaswa kujibu ni uongozi. Meza ni ileile, mwandishi wa kumbukumbu pengine ni yuleyule, ila anayehojiwa amebadilika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, Namba 6 ya 2004, inavijua vyote viwili. Inapoorodhesha kazi za mwakilishi wa chama cha wafanyakazi mahali pa kazi, inaanza na kuwawakilisha wanachama katika mashauri ya malalamiko na ya nidhamu, na imeyataja yote mawili.

Tofauti inakuja kwenye maelekezo. Shauri la nidhamu limeandikiwa hatua zake kwa kirefu katika Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la 2007. Kanuni ya 13 inamtaka mwajiri achunguze kwanza, amjulishe mfanyakazi tuhuma kwa namna na lugha anayoweza kuielewa, ampe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, amruhusu kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake, na kikao kiongozwe na mtu wa ngazi ya juu ambaye hakuhusika na tukio lenyewe. Kikao cha malalamiko hakina kanuni iliyopangwa hatua kwa hatua namna hiyo. Kimeachwa kwa sera ya kampuni, mkataba wa hali bora kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, na busara ya afisa aliye zamu. Basi afisa anafanya ambalo lingefanywa na yeyote mwenye kazi nyingi: anafungua barua ya mwisho ya nidhamu iliyomo kwenye kompyuta, anabadilisha jina na tarehe, anachapa.

Kuna watakaosema hilo ni suala la lugha tu, kikao kitafanyika na mambo yatajulikana huko huko. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni ya kisheria zaidi kuliko ya adabu. Kanuni ya 7 ya tangazo hilohilo inazungumzia mfanyakazi anayeacha kazi kwa sababu mwajiri ameyafanya mazingira yasivumilike. Akithibitisha hivyo, kuacha kwake kunahesabiwa kuwa ameachishwa. Moja ya sababu zinazokubalika ni kutotendewa haki, lakini kwa sharti: awe ametumia kwanza njia zilizopo za kushughulikia malalamiko, isipokuwa kama alikuwa na sababu nzuri ya kutozitumia. Sasa fikiria shauri hilo limefika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo wengi tunaiita CMA. Mwajiri anadai mfanyakazi aliitwa akakataa kufika. Mfanyakazi anatoa ile barua ya "kujibu masuala yanayokuhusu" na kusema aliogopa, kwa sababu ilimwita kama mtuhumiwa. Barua ambayo mwajiri aliitegemea kama kinga inageuka kielelezo cha upande wa pili. Kanuni hiyo imeutaja pia unyanyasaji wa kingono, na kushindwa kumlinda mfanyakazi dhidi yake, kuwa sababu ya kutosha, na hapo sharti la kupitia kwanza njia za ndani halikuandikwa.

Kwa hiyo barua ya mwaliko inafanya kazi mbili. Inamwezesha mtu kufika akiwa amejiandaa na hana hofu. Na inaweka kumbukumbu kwamba mlango ulikuwa wazi kweli.

Ikiandikwa vizuri, barua ya yule mfanyakazi wa ghala ingekuwa hivi:

"YAH: KIKAO CHA KUSIKILIZA MALALAMIKO ULIYOWASILISHA TAREHE 3 MACHI

Tumepokea barua yako yenye malalamiko mawili: kutolipwa saa za ziada za Januari na Februari, na lugha ya matusi unayoeleza kuwa imetolewa na msimamizi wako wa zamu. Tunakualika kwenye kikao cha kuyasikiliza, Alhamisi tarehe 12 Machi, saa 8:00 mchana, chumba cha mikutano cha ghorofa ya kwanza.

Kikao hiki si cha nidhamu na hakuna tuhuma yoyote dhidi yako. Kitaongozwa na Meneja Ugavi, ambaye hasimamii zamu yako wala hahusiki na malipo ya mishahara. Afisa Rasilimali Watu ataandika kumbukumbu, nawe utapewa nakala. Msimamizi wako hatakuwemo chumbani wakati unatoa maelezo. Atasikilizwa peke yake siku nyingine.

Unaweza kuja na mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako unayemchagua mwenyewe. Tumeambatanisha nakala ya barua yako na karatasi za mahudhurio za miezi hiyo miwili. Kama una nyaraka nyingine, au kuna watu walioshuhudia ambao ungependa tuwasikilize, tujulishe. Muda wa kikao utahesabiwa kuwa muda wa kazi. Kama siku au saa haikufai, tuambie kabla ya Jumatano ili tupange nyingine."

Haijai hata ukurasa. Kila sentensi ina sababu yake, ingawa baadhi ni nzito kuliko nyingine.

Mstari wa kichwa unaitaja barua ya mfanyakazi na tarehe yake. Hapo tu ameshajua kwamba anachoitiwa ni jambo lake. Aya ya kwanza inayarudia malalamiko kwa muhtasari, na hii si kujaza nafasi. Mara nyingi barua ya malalamiko huwa ndefu na imechanganya mambo: mshahara, dharau, likizo ya mwaka juzi, uhamisho wa mwenzake. Ofisi ikiandika "tumeelewa malalamiko yako ni haya mawili", mfanyakazi anapata nafasi ya kusema mapema kwamba la tatu limesahauliwa. Msipokubaliana kuhusu idadi ya malalamiko kabla ya kikao, mtakuja kubishana baada ya uamuzi, naye atasema hakusikilizwa. Tazama pia maneno "unayoeleza kuwa imetolewa". Ofisi haijasema matusi yalitolewa, wala haijasema mfanyakazi anazua. Katika hatua hii hakuna mtu anayejua.

Uchaguzi wa mwenyekiti ndipo wengi wanapojikwaa. Ukiwa na haraka, mtu wa kwanza kumfikiria katika malalamiko ya malipo ni Meneja wa Fedha, kwa kuwa anajua hesabu. Lakini ofisi yake ndiyo inayolipa saa za ziada. Kama hazikulipwa, ama hakuletewa karatasi za mahudhurio, ama aliletewa akazikalia, na vyovyote vile yeye ni shahidi. Aje atoe maelezo, asiongoze kikao. Sheria yenyewe haina utata kuhusu kiwango: saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na saa za kawaida haziwezi kuzidi 45 kwa wiki. Swali la kikao ni la ukweli tu, saa hizo zilifanywa au hazikufanywa, na nani aliziidhinisha. Anayetakiwa kulisikiliza ni mtu asiye na cha kupoteza kwenye jibu lolote. Kampuni ndogo yenye mkurugenzi mmoja na mhasibu mmoja haina mtu kama huyo, na hapo naona ni heri kumwomba mjumbe wa bodi, au mtu wa nje anayeaminiwa na pande zote mbili, kuliko kumkalisha mlalamikiwa kwenye kiti cha hakimu.

Nani atakuwemo chumbani ni jambo ambalo barua nyingi hazilitaji kabisa, wakati ndilo swali la kwanza la mfanyakazi akifika nyumbani na ile bahasha. Tuna mazoea ya kuwakutanisha watu ana kwa ana ili "waelewane". Kwenye ugomvi wa ratiba ya zamu mazoea hayo huenda yakasaidia. Kwenye malalamiko ya matusi, vitisho au kuguswa mwili, kumkalisha mlalamikaji uso kwa uso na mkubwa wake bila kumwambia mapema ni kumfunga mdomo. Andika nani atakuwepo, na kama mlalamikiwa hatakuwepo, andika hivyo pia.

Kuhusu wa kumsindikiza, kanuni za nidhamu zinataja mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake, na sioni sababu ya anayelalamika kupewa chini ya anayetuhumiwa. Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha Pendekezo Namba 130 mwaka 1967, mahsusi kuhusu uchunguzi wa malalamiko kazini, lilikwenda mbali zaidi: mfanyakazi asaidiwe au awakilishwe na mtu wa chama, mwakilishi wa wafanyakazi mahali hapo, au mtu mwingine yeyote anayemchagua. Pendekezo haliifungi nchi kama mkataba unavyofunga, lakini ni kipimo kizuri. Linasema pia kwamba mfanyakazi aweze kuwasilisha malalamiko bila kudhurika kwa namna yoyote, na asipoteze ujira kwa muda aliotumia kushiriki katika uchunguzi wake. Ndiyo maana barua yetu ina sentensi ya muda wa kazi. Na ndiyo maana kikao kimewekwa saa 8:00 mchana: tuchukulie mfanyakazi huyu anatoka zamu ya usiku saa 12:00 asubuhi. Ukimwita saa 3:00, atakaa getini saa tatu akisinzia, kisha umtake akumbuke tarehe na idadi ya saa.

Kama mahali pa kazi pana tawi la TUICO, CHODAWU au chama kingine, mwakilishi huyo anahitaji muda naye. Barua iliyotolewa Jumatano jioni kwa kikao cha Alhamisi asubuhi inamnyima mfanyakazi mwakilishi bila kusema hivyo. Zile saa 48 za nidhamu ziazimwe kama kiwango cha chini kabisa. Mimi ningetoa siku tatu au nne za kazi, zaidi kama kuna nyaraka nyingi za kupitia.

Sasa tuje kwenye kitu kidogo kinachoharibu mengi: mstari wa "Kupitia kwa". Utaratibu wetu wa barua za kiofisi, tuliourithi serikalini na kuusambaza hadi kampuni binafsi, unataka barua ya mfanyakazi ipite kwa mkuu wake wa kazi, na majibu yarudi kwa njia hiyohiyo. Kwa ombi la likizo ni sawa. Kwa malalamiko dhidi ya mkuu huyohuyo, maana yake anayelalamikiwa anasoma kila kitu kabla ya yeyote, kisha ndiye anayeamua bahasha imfikie mwenzake lini. Mwaliko wa kikao cha malalamiko umfikie mfanyakazi moja kwa moja, mkononi, asaini kuupokea. Mstari wa "Nakala" chini ya barua nao utazamwe: mwakilishi wa chama, sawa, kama mfanyakazi ameridhia, mkuu wa idara anayelalamikiwa, hapana.

Mlalamikiwa apewe barua yake. Naye ana haki ya kujua analalamikiwa nini, lini atasikilizwa na nani ataongoza, na iandikwe wazi kwamba bado hakuna uamuzi wowote dhidi yake na kwamba haruhusiwi kumsumbua mlalamikaji. Kama uchunguzi utaonyesha kuna kosa la nidhamu, hapo ndipo Kanuni ya 13 inaanza kufanya kazi, kwake, kwa wito mpya na tuhuma zilizoandikwa. Kikao cha malalamiko hakigeuzwi kuwa cha nidhamu katikati ya safari, iwe kwa mlalamikiwa au kwa mlalamikaji. Nimesikia kisa cha mtu aliyeingia kudai posho akatoka na onyo la mwisho la uchelewaji, kwa sababu mwenyekiti "aliona wamalize yote kwa pamoja".

Lugha nayo isichukuliwe kijuujuu. Kanuni zinadai lugha anayoielewa mfanyakazi, lakini kampuni nyingi humwandikia mlinzi au dereva barua ya Kiingereza cha mwanasheria, kisha humwomba karani amtafsirie mlangoni. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya utoaji haki Tanzania. Sioni kinachomzuia meneja kuandika barua ya ukurasa mmoja kwa lugha hiyo. Na kama mfanyakazi ni mgeni asiyejua Kiswahili, kanuni ileile inamlinda kwa upande mwingine.

Je, asipofika? Katika nidhamu, mwajiri anaweza kuendelea na kikao iwapo mfanyakazi amekataa kufika bila sababu ya msingi. Katika malalamiko, kutofika hakuwezi kuwa kosa. Huwezi kumwadhibu mtu kwa kutotumia haki yake. Muulize sababu, panga siku nyingine, mwandikie. Akishindwa tena, uamuzi utolewe kwa kuangalia barua yake na nyaraka zilizopo, aarifiwe kwa maandishi. Vivyo hivyo akisema anaondoa malalamiko: pokea, lakini mtu asiyehusika amuulize kwa faragha kama kuna aliyemshinikiza. "Tuyamalize kifamilia" ni kauli nzuri ikitoka kwa mwenye malalamiko. Ikitoka kwa bosi ina harufu nyingine.

Nje ya Tanzania Bara, na hata ndani yake kwa watumishi wa umma, sura inabadilika kidogo. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya 2005. Watumishi wa umma wa Bara, tangu marekebisho ya 2016, wanatakiwa kumaliza kwanza ngazi zilizomo katika Sheria ya Utumishi wa Umma kabla ya kuzifuata sheria za kazi. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi amtaje kwa maandishi mtu wa kupelekewa malalamiko na namna ya kuyapeleka. Jamaa zetu walio Uingereza wana haki ya kusindikizwa na mwenzao wa kazini au mtu wa chama iliyowekwa na sheria ya 1999, na msindikizaji akiwa na udhuru, mfanyakazi anaweza kupendekeza siku nyingine ndani ya siku tano za kazi. Huko mwajiri aliyepuuza bila sababu mwongozo wa Acas, taasisi ya ushauri na usuluhishi wa migogoro ya kazi, anaweza kuongezewa fidia hadi asilimia 25. Mfanyakazi aliyeupuuza naye anaweza kupunguziwa kwa kiwango hichohicho, jambo ambalo wengi hawalijui.

Limebaki la muda, ambalo barua za mwaliko karibu zote zinalikwepa, hata mfano wetu wa hapo juu. Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi za 2007, Tangazo la Serikali Namba 64, zinataka mgogoro wa kuachishwa kazi ufikishwe CMA ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60 tangu ilipozuka. Mfanyakazi asitegemee kwamba kusubiri kikao cha ndani kunazisimamisha siku hizo. Anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini atalazimika kueleza sababu ya kuchelewa, na hakuna anayemhakikishia kukubaliwa. Mwajiri mwaminifu ataweka kwenye mwaliko tarehe ambayo uamuzi utatolewa, tuseme siku saba baada ya kikao, ili anayelalamika aweze kuhesabu mwenyewe. Barua isipokuwa na tarehe hiyo, mfanyakazi aiombe kwa maandishi siku hiyohiyo, na azihesabu siku zake kuanzia pale mgogoro ulipozuka.